Mjadala: Je, Maandiko yanalionyesha hekalu la Sulemani kama makao ya Mungu, au kama mahali pa jina lake tu?

Mleta mada: Ndugu zangu, katika 1 Wafalme 8 wingu linaijaza nyumba ya Bwana hata makuhani wanashindwa kusimama kuhudumu, na Sulemani anasema amemjengea Mungu mahali pa kukaa milele. Mistari michache mbele, mfalme yuleyule anakiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba hiyo. Kwangu kauli ya pili ndiyo inayotawala, kwa maana katika sala yote Sulemani anaomba Mungu asikie kutoka mbinguni, watu wakiomba huku wameielekea nyumba lilipowekwa jina lake. Hata mgeni kutoka nchi ya mbali anaombewa asikilizwe. Nyumba yenyewe ilikuwa na mikono 60 kwa 20, yaani takriban mita 27 kwa 9, kwa hiyo haikukusudiwa kukusanya umati ndani. Ninachosikitikia ni kwamba fahari ile ilipatikana kwa jasho la Waisraeli waliolazimishwa kazi. Mnasemaje?

Katekista: Hoja ya jina nitairudia, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma, na siwezi kuipita. 1 Wafalme 9 inasema waziwazi kwamba Sulemani hakumfanya Mwisraeli yeyote mtumwa. Waliotozwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, walikuwa mabaki ya Waamori, Wahiti, Waperizi, Wahivi na Wayebusi. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati nacho kinawahesabu wageni 153,600 waliopangiwa kazi hiyo. Kuisema hivyo nyumba ambayo Mungu aliijaza utukufu wake ni kuivunjia heshima bila sababu.

Fundi Mwashi: Katekista, kwa heshima zote, kabla ya mlango wa tisa upo wa tano. Pale shokoa inatoka katika Israeli yote, watu 30,000 chini ya Adoniramu, nao wanapelekwa Lebanoni 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja kule na miezi miwili nyumbani. Mimi kazi yangu ni kuchonga mawe, na nimesikia mahubiri mengi juu ya 1 Wafalme 6:7, kwamba nyumba ilipojengwa haikusikika nyundo, wala shoka, wala chombo chochote cha chuma. Utakatifu wa ukimya ule siupingi. Lakini jiwe likifika kwenye ujenzi limekwisha nyooka pande zote, ujue kuna mtu aliyelipigia patasi machimboni tangu alfajiri, vumbi likimjaa machoni, na vipande vikimkata vidole. Maandiko yanataja wachongaji 80,000 milimani. Wawe wageni au wenyeji, hekalu lilipita mikononi mwao.

Katekista: Sikuidharau kazi yako, Fundi. Ninachokataa ni kuifananisha kazi ya zamu na utumwa wa Misri. Katika 1 Mambo ya Nyakati 29 watu wanatoa dhahabu, fedha, shaba na chuma kwa ajili ya nyumba hiyo, nao wanafurahi kwa sababu wametoa kwa hiari. Mbona furaha hiyo hamuitaji?

Binti Sayuni: Furaha hiyo ni ya watoaji wa enzi ya Daudi, Katekista, haiwezi kuwasemea waliokata miti enzi ya mwanawe. Kama mzigo ulikuwa mwepesi, kwa nini Israeli walimwambia Rehoboamu, mwana wa Sulemani, kule Shekemu kwamba baba yake alilifanya kongwa lao kuwa zito? Na kwa nini walimpiga mawe mkuu wa shokoa hata akafa? Zaidi ya hayo, 1 Wafalme 11:28 inasema Yeroboamu, aliyekuja kuwa mfalme wa makabila ya kaskazini, aliwekwa juu ya kazi ya nyumba ya Yusufu, nao ni Israeli. Haki inadai niongeze kwamba hekalu lilichukua miaka 7 na jumba la mfalme miaka 13, tena kulikuwa na ngome ya Milo, ukuta wa Yerusalemu, Hazori, Megido na Gezeri. Lawama yote haiwezi kuangukia patakatifu. Ila naona uchovu ule uliisaidia dhambi ya Betheli na Dani, kule Yeroboamu alikoweka ndama za dhahabu. Yeroboamu aliwaambia watu kwamba kupanda kwenda Yerusalemu kumewalemea, na waliomsikiliza walikuwa wametoka kulia kongwa.

Katekista: Dada, Yeroboamu simpokei kama shahidi. Kitabu cha Wafalme kinamtaja tena na tena kuwa ndiye aliyewakosesha Israeli, na wewe unampa udhuru.

Mleta mada: Ndugu, naomba tukumbuke swali. Yeremia 7 inawakemea waliolitegemea hekalu kana kwamba Mungu amefungwa humo, na inawakumbusha Shilo, mahali alipolikalisha jina lake kwanza, palivyoharibiwa. Je, hilo halitoshi kuonyesha kwamba—

Fundi Mwashi: Ahsante kwa kumtaja Yeremia, maana huyo Katekista hawezi kumkataa kama Yeroboamu. Katika mlango wa 22 anamtangazia ole mfalme anayejenga nyumba yake pasipo haki na kumtumikisha mwenzake bila ujira. Anayesemwa ni Yehoyakimu, na nyumba ni jumba lake, si hekalu, hilo nalijua. Lakini ni mfalme wa ukoo wa Daudi, katika mji uleule, hekalu likiwa bado limesimama. Katekista, ujira wa wale 30,000 umeandikwa wapi?