Kujitolea kutega panya msituni Nyuzilandi, kazi ikoje?

Mgeni_Kusini: Habari wakuu. Niko Nyuzilandi kimasomo. Kuna kundi linatega panya, vicheche na posamu (mnyama wa mitini mwenye mfuko kama kangaruu) kuokoa ndege wa asili, na wanapokea yeyote. Mimi mzoga wa panya unanitia kinyaa. Nitafaa kweli?

Mama_Mitego: Utafaa, mwanangu. Mtego unakaa ndani ya sanduku la mbao lenye tundu dogo, ndege mkubwa asinase. Unafungua kifuniko, unatoa mzoga kwa glavu, unasugua manyoya yaliyogandia chuma kwa brashi, unaweka chambo: siagi ya karanga kwa panya, yai au nyama ya sungura kwa kicheche. Halafu unaandika ulichokuta. Harufu wakati wa joto… wengine huizoea, mimi bado. Ila usiguse springi kabla hujafundishwa, inavunja kidole. Na viatu viwe vya kushika tope.

Mdadisi: Samahani, panya kakosa nini? Si kaletwa na meli tu?

Mama_Mitego: Kosa hana, ndugu yangu. Lakini kabla ya watu kufika, mamalia pekee wa nchi kavu kule walikuwa popo. Kiwi, ndege wa kule, haruki, na anataga kwenye shimo ardhini. Vicheche waliletwa miaka ya 1880 ili wawale sungura, wakageukia vifaranga. Serikali ilitangaza 2016 kwamba wasumbufu hao watatokomezwa ifikapo 2050. Naona muda ni mfupi mno, lakini natega.

Mgeni_Kusini: Asante mama. Najiandikisha, glavu mbili mbili.