Antibayotiki za kuku Mwanza: ziuzwe kwa cheti tu, au mfugaji aachiwe ajitibie?

Mleta mada

Wadau wa kuku wa Mwanza na Ilemela, habari zenu. Naleta suala ambalo kila likiguswa kwenye vikao vya wafugaji linaishia kwenye kelele. Antibayotiki za kuku ziuzwe kwa cheti cha daktari wa mifugo pekee, au tuendelee hivi hivi, mtu anaingia dukani, anasema "nipe ya kuharisha", anapewa? Mimi msimamo wangu nausema mapema: cheti kiwe lazima, na tuanze na enrofloksasini na kolistini.

Kwa nini hizo mbili? Enrofloksasini ikishaingia mwilini mwa kuku, sehemu yake inageuka kuwa siprofloksasini, sipro ileile anayoandikiwa mtu mwenye taifodi au UTI. Bakteria aliyezoea moja amezoea na nyingine. Marekani waliipiga marufuku kwenye kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo. Kolistini nayo ni akiba ya madaktari wa binadamu, kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimegoma. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamepata jeni inayomwezesha bakteria kuishinda kolistini, na inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama dukani na kwa wagonjwa hospitalini.

Na asije mtu akasema hayo ni ya huko mbali. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa hapa Mwanza: wanyama wa kufugwa walikutwa na bakteria wa utumbo waitwao E. koli wanaovunja dawa za kundi la seftriaksoni, wakiwa wamebeba na jeni za kushinda kundi la sipro. Seftriaksoni ndiyo sindano inayotegemewa kwenye wodi zetu. Mbolea ya kuku tunaimwaga kwenye matuta ya mchicha, mvua ikinyesha inaingia mitaroni, inafuata mto Mirongo hadi Ziwa Victoria.

Hoja ninayoisikia kila siku ni "nisipowapa dawa watakufa". Tuichambue taratibu. Mdondo, Gumboro na ndui ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Kuhara damu hakuletwi na bakteria pia. Kunataka dawa yake, amprolium, na maranda makavu bandani. Kwa hiyo ukiona kuku wanasinzia, mabawa yameshuka, kinyesi kijani, shingo zimepinda, yaani dalili za mdondo, halafu ukamwaga OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye maji, hela imeenda na kuku wanaendelea kufa.

Tatizo letu kubwa ni chanjo inayofia njiani. Chupa inatoka kwenye friji ya duka mjini, inapakiwa bodaboda ndani ya mfuko bila barafu, inafika Kisesa jua la saa saba mchana. Hapo inakorogwa kwenye maji ya bomba. Chanjo ya mdondo ya kunywesha ni virusi hai, na klorini ya bomba inaviua kabla kuku hajainamisha shingo. Ukitaka kuiokoa, koroga kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, uache kama nusu saa ndipo utie chanjo. Au tumia maji safi ya mvua. Kuku wanyimwe maji kwanza saa moja au mbili ili wainywe yote upesi. Wengi hawajaambiwa haya na aliyewauzia. Ugonjwa ukiingia wanasema "chanjo za siku hizi feki", na kuanzia hapo ni antibayotiki kila wiki.

Halafu kuna dagaa. Wale wa chakula cha kuku mara nyingi ni waliokaushwa mchangani, wamekanyagwa, wamenyewa na ndege. Unamlisha kuku bakteria wa salmonela asubuhi, jioni unanunua dawa ya kumtibu. Waliokaushwa kwenye vichanja wana bei, najua, lakini jumlisha na bei ya dawa.

Mfugaji wa kuku wa mayai, Kisesa

Mkuu, umeongea vizuri kwenye chanjo, ila kwenye cheti nakupinga. Daktari yuko wapi? Bwana mifugo wa kata ni mmoja: ng'ombe wake, machinjio yake, mbwa wakichanjwa kichaa ni yeye. Kuku wakianza kufa Ijumaa jioni nimsubiri hadi Jumatatu? Banda lote nimekopea kwenye kikundi. Hicho cheti kitageuka biashara, nitakuwa nalipia saini, na dawa itauzwa kwa mlango wa nyuma kwa bei mara mbili.

Muuza dawa za mifugo, Nyakato

Nikikataa kumuuzia mtu, anavuka barabara. Hilo ndilo linaloniumiza, maana anayefuata utaratibu ndiye anayepoteza mteja. Mtu anachukua pakiti ya siku tano, siku ya pili kuku wamechangamka, nyingine anaiweka darini. Wanaobaki hai ndani ya kuku ni wale bakteria wagumu.

Kuhusu chanjo, mama mwenye kuku arobaini hanunui chupa ya dozi mia tano, na ikishafunguliwa haikai. Mtaa ukipanga siku moja, chupa moja inazunguka nyumba zote. Na kwa kuku wa kienyeji ipo chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), tone moja jichoni kila miezi 3, inavumilia joto kuliko hizo nyingine. Mimi ningetaka serikali ilazimishe hiyo kwanza, cheti baadaye.

Mnunuzi wa mayai, Kirumba

Mnabishana wafugaji na wauzaji, na sisi walaji? Kuku akiwa kwenye dozi, yale mayai yanaenda wapi?

Mleta mada

Dada wa Kirumba, jibu la kweli ni kwamba mengi yanaenda sokoni. Kiini cha yai kinajengeka kwa takriban siku 10, kwa hiyo dawa inaweza kuendelea kutoka kwenye mayai siku kadhaa baada ya dozi kwisha. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye pakiti, na kuna nyingine zimeandikwa kabisa zisipewe kuku wanaotaga. Nani ataitupa trei akiwa na ada ya shule ya kulipa? Ndiyo maana nataka dawa iwe ngumu kupatikana tangu mwanzo.

Ndugu wa Kisesa, ya Ijumaa jioni umenishinda. Basi cheti kitolewe kwa simu: bwana mifugo aone picha ya kinyesi na ya banda, atume maandishi, na kuku mmoja aliyekufa apelekwe maabara ya TVLA hapa Mwanza apasuliwe. Hilo nalikubali. Lakini niulize jambo moja. Ile antibayotiki unayowanywesha vifaranga siku za mwanzo, wakiwa wazima, inasubiri dharura gani? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2017 wafugaji waache kuwapa antibayotiki kwa mazoea wanyama wasio wagonjwa, iwe kuwakuza au kuwakinga.

Mfugaji wa kuku wa mayai, Kisesa

Ile imeandikwa kwenye ratiba niliyopewa na waliouza vifaranga. Siku ya 1 hadi ya 5. Wamesema nisipoifuata, wakifa nisiwarudie.

Mleta mada

Kumbe agizo linatoka huko juu. Basi wanaototolesha nao waje hapa wajieleze, na cheti kianze kudaiwa kwao kabla hakijadaiwa kwa mwenye banda. Wenye ratiba za namna hiyo ziwekeni hapa, tuzisome mstari kwa mstari.