Boma la zahanati yetu limeota nyasi, wakurugenzi wanabadilishwa tu: halmashauri inawajibika kwa nani?

Ndugu wanajukwaa, ninaandika uzi huu nikiwa nimetoka kwenye kikao cha robo mwaka cha Baraza la Madiwani la halmashauri yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu ninachokilalamikia hakiko katika wilaya moja tu ya Tanzania. Niliketi nyuma ya ukumbi pamoja na wananchi wengine wachache, kwani tunaruhusiwa kuingia na kusikiliza ingawa haturuhusiwi kusema neno. Diwani wetu aliuliza kuhusu zahanati ya kijiji, akajibiwa kwamba suala hilo limechukuliwa na linafanyiwa kazi. Ndilo jibu alilopewa robo iliyopita, na robo iliyotangulia hiyo. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata, na kikao kikaendelea.

Niwaeleze zahanati yenyewe, ili msidhani ninalalamikia jambo dogo. Tulichangishana kaya kwa kaya, tukasomba mchanga na mawe, tukafyatua tofali, akina mama wakabeba maji kichwani kutoka bondeni, na boma likapanda hadi kwenye lenta bila senti moja ya serikali. Makubaliano yaliyoandikwa katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji yalikuwa kwamba sisi tutafika hapo, na halmashauri itapaua na kumalizia kwa mapato yake ya ndani. Huu ni mwaka wa nne. Tofali za juu zimeanza kumeguka kwa mvua, ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia kumeota nyasi zinazofika kiunoni, na mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku bado anapakiwa kwenye bodaboda kwenda kituo cha afya kilicho kata nyingine. Mzee mmoja aliyetoa tofali zake alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya nyumba yake aliniuliza wiki iliyopita kama anaweza kurudishiwa zile zilizobaki nzima, na sikuwa na jibu la kumpa.

Katika miaka hiyo minne halmashauri yetu imepata wakurugenzi watatu. Kila mmoja alipofika aliomba apewe muda wa kuisoma wilaya, akatembelea boma letu, akapigwa picha, akaahidi kuliingiza kwenye bajeti ijayo, na kabla bajeti hiyo haijatekelezwa ukatoka mkeka wa uteuzi na uhamisho akaondoka. Anayekuja anasema hana taarifa kamili kuhusu ahadi za mtangulizi wake. Wakati huo huo ofisi yake imejaa wakuu wa idara wanaokaimu, na mtu anayekaimu haamui jambo zito, kwa kuwa hajui kama kesho atakuwa kwenye kiti hicho au atarudi alikotoka. Swali linaulizwa kwa ofisi, lakini ofisini hakuna mtu wa kulibeba.

Kiini cha hasira yangu ni hiki. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, ndiye Afisa Masuuli anayesaini malipo, na ndiye anayeitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kujibu hoja za ukaguzi. Diwani anachaguliwa na sisi, anakaa kwenye Baraza ambalo kisheria ndilo chombo cha juu cha halmashauri, lakini Baraza hilo likiona mkurugenzi ameshindwa kazi haliwezi kumwondoa. Linaishia kuandika mapendekezo na kuyapeleka kwa waliomteua, kisha linasubiri. Mwenye madaraka hatumfikii, na tunayemfikia hana madaraka. Kwa hali hiyo, hata malaika akiteuliwa kuwa mkurugenzi, macho yake yataelekea anakotoka barua ya uteuzi, na sitamlaumu sana kwa hilo, kwa kuwa ndivyo kazi yake ilivyopangwa.

Wapo watakaosema kwamba serikali za mitaa ni tawi tu la Serikali Kuu na kwamba nadai makubwa. Naomba wasome Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 145 na 146, inayosema kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wakumbuke pia kwamba nchi hii iliwahi kuzifuta, mwaka 1972, ule utaratibu wa Madaraka Mikoani ulipoingia, na mambo yaliyokuwa yakisimamiwa na halmashauri yakawekwa mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Miaka kumi baadaye Bunge lilitunga sheria za kuzirudisha, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Hatukuzirudisha ili tupate jengo jingine lenye bendera mbele, na maofisa wanaosubiri maelekezo ndani.

Halafu kuna fedha. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi, maana niliona kwa macho yangu watu wazima wakikimbilia porini kwa kuogopa mgambo. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na hilo nalo lilimpa mkulima nafuu. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, ikiwa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sidai kodi za manyanyaso zirudi. Ninachosema ni kwamba kila chanzo kinapoondolewa, halmashauri inabaki inategemea zaidi ruzuku, na ruzuku inakuja na masharti yake, na fedha ya miradi ikichelewa mpaka mwisho wa mwaka wa fedha inatumika kwa haraka ya kuogopa kurudishwa. Fedha za namna hiyo diwani anaweza kuzipigia makofi zinapoingia, lakini hakuzipanga yeye.

Hata kile kidogo tunachokusanya wenyewe hakifiki salama. Ninyi nyote mnazijua mashine za kukusanyia mapato, zile tunazoziita POS, zilizoletwa ili risiti za vitabu zisichezewe. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimerudia, mwaka baada ya mwaka, hoja ya makusanyo ambayo hayakupelekwa benki na ya fedha mbichi iliyotumiwa hapo hapo ilipokusanywa. Mwanakijiji akichelewa kulipa ushuru wa gunia anazuiwa kwenye kizuizi cha ushuru mpaka jua linazama. Mkusanyaji akikaa na fedha ya umma miezi mitatu anaandikiwa barua ya kujieleza, na mara nyingi hadithi inaishia kwenye barua hiyo.

Tazameni lililotokea kwenye mikopo ya asilimia 10. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zitenge asilimia hiyo ya mapato ya ndani kwa vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kupita kwenye halmashauri zetu. Ukaguzi ukafichua vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na mwezi Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utaratibu mzima hadi ilipoamua kuurudisha katika mwaka wa fedha wa 2024/25 kwa masharti mapya. Dada zetu wa kikundi cha ufugaji wa kuku hapa kijijini walikuwa wamerejesha mkopo wao wote kwa wakati na wanasubiri awamu ya pili. Walisubiri zaidi ya mwaka mmoja. Kikundi hewa hakiwezi kujiidhinisha chenyewe. Kinapita mezani kwa ofisa mwenye mhuri. Adhabu ikawafikia waliorejesha, na wale waliopiga mihuri sijasikia kwetu hata mmoja aliyetajwa hadharani.

Madiwani nao sitawaficha nyuma ya udhaifu wa sheria. Sifa ya elimu anayotakiwa kuwa nayo diwani ni kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na mimi siamini kwamba shahada ndiyo inayomfanya mtu awe kiongozi. Lakini kama ndivyo tulivyoamua, basi mtu huyo apewe mafunzo ya kweli ya kusoma taarifa ya fedha, na apewe kabrasha mapema. Diwani wetu aliniambia kwamba kabrasha la kikao hiki, lenye kurasa zaidi ya mia mbili, alikabidhiwa jioni ya siku ya kuamkia kikao. Atahoji nini hapo? Ataangalia kata yake imeandikiwa nini, akikuta sifuri atanyoosha mkono, atajibiwa kwamba linafanyiwa kazi, atakaa. Wengine hawanyooshi hata mkono. Wako wanaokuja kusaini mahudhurio na kuuliza habari za posho, na wako ambao jamaa zao ndio wazabuni wa halmashauri ile ile wanayopaswa kuisimamia. Hao wanatuumiza kuliko mkurugenzi, kwa sababu mkurugenzi hakuja kutuomba kura.

Juu ya hayo kuna maagizo. Baraza linapitisha bajeti baada ya vikao vya kamati zote, kuanzia ile ya fedha, uongozi na mipango, halafu anakuja kiongozi wa wilaya au wa mkoa katika ziara, anasimama mbele ya kamera na kuagiza kwamba ndani ya siku thelathini kitu fulani kiwe kimejengwa. Pengine kitu hicho ni chema. Lakini fedha yake inatoka wapi ikiwa bajeti imekwisha kupitishwa? Inatoka kwenye mafungu kama lile lililoandikwa jina la zahanati yetu. Tulipouliza mwaka jana, tuliambiwa waziwazi kwamba fungu lilihamishwa kutekeleza agizo, na hakuna aliyeona ajabu kwamba Baraza halikushirikishwa kwanza.

Kijijini kwenyewe, mkutano mkuu unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu sisi tumeitishiwa mara moja tu mwaka huu, na taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kwa dakika tano mvua ikiwa inanyesha. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara, mtendaji anao, na kila mmoja anamtupia mwenzake mzigo. Hapa kosa ni letu pia, maana wengi wetu tuliondoka kabla taarifa haijamalizika kusomwa.

Sasa nataka mambo ambayo hayahitaji katiba mpya. Kabrasha la kikao lifike mkononi mwa diwani siku saba kabla, na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kata ili tusome tulichoandikiwa. Mkurugenzi au mkuu wa idara anayehamishwa akabidhi kwa maandishi, mbele ya Kamati ya Fedha, orodha ya ahadi na miradi isiyokamilika, na aitwe kujibu hata akiwa kituo kipya, kwa kuwa uhamisho haukufuta saini zake. Fungu lolote lililopitishwa na Baraza lisihamishwe kwa agizo la mdomo la mtu yeyote, awe na cheo gani. Na majina ya waliokaa na fedha za makusanyo yasomwe kwenye kikao cha wazi, kama yanavyosomwa kijijini majina ya ambao hawajatoa mchango.

Kwa maofisa wa halmashauri na madiwani mnaosoma humu, na najua mpo, naomba mnijibu kwa hoja: katika halmashauri zote 184 za nchi hii, iko wapi ambayo azimio la Baraza lilimzuia mkurugenzi kufanya jambo na akazuilika kweli? Kama ipo, tuelezeni ilifanyikaje, tukajifunze huko.

Sisi tumeandika barua ya kijiji, imesainiwa na wakuu wa kaya na kuambatanishwa na ule muhtasari wa miaka minne iliyopita, na diwani amekubali kuiwasilisha mezani kwenye kikao cha robo ijayo badala ya kuuliza swali la mdomo. Nitakuwa nimeketi pale pale nyuma ya ukumbi, na safari hii hatutakuwa wachache. Nitarudi kwenye uzi huu kuwaeleza neno kwa neno kilichojibiwa na aliyejibu.