Wenye yadi za magari, karatasi za mnada mnazificha za nini?

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Natafuta gari la familia. Sedani ya kawaida kabisa: mke, watoto, mama akija kutoka Tanga, buti linalobeba mizigo ya safari, na mafuta ninayoweza kuyamudu kwenye foleni ya Mandela. Kwa hapa Dar hiyo ni Toyota Premio au Allion, na ukijitutumua sana Mark X au Crown. Hela ipo, nimeitafuta kwa jasho, na niko tayari kulipa bei ya soko. Kinachonikera si bei. Ni kwamba nimezunguka yadi kuanzia Magomeni mpaka Tegeta na sijapata muuzaji hata mmoja aliyeniwekea mezani ukweli wa gari analoniuzia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye yadi moja, jina naliacha. Premio ya rangi ya fedha, ZRT260, yaani ile ya injini ya lita 1.8. Bango kwenye kioo linasema 2010, kilomita 71,000. Kwa nje inang'aa, rimu spoti mpya, tairi zimepakwa dawa. Nikafungua mlango wa dereva. Mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja mpaka mistari yake imefutika. Usukani umekuwa laini unateleza pale mikono inapokaa. Sponji ya kiti upande wa mlangoni imekufa, ukikaa unasikia chuma. Nikainama kwenye nguzo ya mlango. Kuna stika ndogo ya Kijapani, zile ambazo gereji za kule hubandika zikibadilisha oili. Tarehe: 29.6.11. Kilomita: 128,400.

Kwa wasiojua, hiyo 29 ni mwaka wa kalenda yao ya Heisei. Jumlisha 1988 unapata 2017. Ukikuta namba ndogo kama 2 au 4, hiyo ni Reiwa iliyoanza Mei 2019, jumlisha 2018. Kwa hiyo Juni 2017 gari lile lilikuwa limeshatembea kilomita 128,400, halafu limevuka bahari likafika Dar na 71,000.

Nikamwita kijana wa mauzo nikamwonyesha. Akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Bosi, hiyo stika itakuwa ya gari nyingine." Imefikaje kwenye nguzo ya mlango wa gari hili? Nikaomba karatasi ya mnada. "Hizo huwa haziji na gari." Nikaomba hati ya Japani ya kufutia usajili. "Iko kwa mzee." Mzee yuko wapi? "Kasafiri." Na wakati tunaongea, mwenzake akaja na kitambaa na chupa ya petroli, akaanza kuifuta ile stika. Mbele ya macho yangu, mchana kweupe.

Ndugu zangu, karatasi zipo. Msikubali kudanganywa kwamba hazipo. Gari likiingia mnadani Japani linakaguliwa na mkaguzi wa mnada, siyo wa muuzaji. Anajaza karatasi yenye daraja la gari, kilomita, na mchoro wa bodi wenye alama kila penye kasoro. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Ukiona R au RA, lilishapata ajali likatengenezwa. Mwenye yadi aliyenunua mnadani, mwenyewe au kupitia wakala wake, aliisoma karatasi hiyo kabla ya kutoa hela. Alijua anachonunua. Wewe ndiye hutakiwi kujua.

Hati ya pili ni ile ya kufutia usajili ili gari lisafirishwe nje. Ina namba ya chesesi, mwaka na mwezi gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza Japani, na kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi. Gari la abiria la kule hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita zinaandikwa. Hati hiyo inatumika kutoa gari bandarini na kulisajili hapa. Kwa hiyo mtu akikwambia hana hata nakala, anakuficha.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini mchezo huu umeota mizizi namna hii, na nadhani jibu liko kwenye kodi. Fungua kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika. Kinakuuliza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta, ukubwa wa injini. Basi. Hakikuulizi kilomita. Hakikuulizi daraja la mnada. Premio mbili za 2010, moja ya mwalimu mstaafu wa Nagoya yenye kilomita 60,000 na daraja la 4.5, nyingine imetembea 170,000 na iligongwa ubavuni, zinalipa kodi ile ile. Na kodi yenyewe ni nzito: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini inayozidi 1000cc lakini haivuki 2000cc, na 10% ikizidi hapo, na juu yake ushuru wa uchakavu, 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10 na 30% likizidi miaka 10. Mfanyabiashara hana pa kupunguza kwenye kodi. Anapunguza Japani: ananunua lililochoka, anarudisha kilomita, anapiga rangi, anakuuzia kwa bei ya lile la mwalimu. Tofauti yote inaingia mfukoni mwake.

Sasa mtu atakuja kusema TBS, shirika la viwango, wanakagua. Wanakagua, ndiyo. Lakini wanachoangalia ni kama gari linafaa kutembea barabarani: breki, taa, usukani, moshi, tairi. Gari la kilomita 200,000 linaweza kupita vizuri tu. Cheti hicho hakisemi injini imebakiza maisha gani, na wauzaji wanakitumia kana kwamba kinasema hivyo. "Imepita TBS hii, unaogopa nini?" Nimeisikia sentensi hiyo mpaka nimeichukia.

Kwenye familia yetu haya si maneno ya kusoma tu. Dada yangu yuko Iringa, alinunua Nissan Teana, V6 ya 2.5, kwa mtu aliyemwapia kwamba "giaboksi haijaguswa". Teana ile ina CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na CVT inataka oili yake yenyewe, kwa Nissan ya kipindi kile ni NS-2. Mtu fulani kabla yake alimwaga ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Mlima Kitonga, gari limejaa watoto, likaanza kusita, likavuma, taa ikawaka, likagoma kupanda. Malori nyuma, kona mbele. Walishuka kwa miguu mpaka penye nafasi. Giaboksi ya mtumba kutoka Shaurimoyo, nauli, fundi, na bado hakuna aliyempa hata kipande cha karatasi kuhusu hiyo ya pili imetoka kwenye gari gani.

Na ninyi mnaopigia watu debe la Mark X kila siku, acheni kutupoteza. Mtu anauliza gari la familia la kwenda kazini na shule, anajibiwa "chukua Mark X mkuu, bei sawa na Premio, utulivu wa hali ya juu". Bei ya kununua inakaribiana kwa sababu kule kwao hawaligombanii tena. Lakini ile 2.5 ni 4GR-FSE, V6 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli, masizi yanajikusanya. Nyingi zilizochoka zinakula oili. Plagi ni 6 badala ya 4. Kwenye ushuru wa bidhaa iko kwenye 10%, si 5%. Halafu foleni ya saa 12 jioni kutoka Posta hadi Mbezi, inanywa huku imesimama. Crown yenye injini hiyo hiyo ni habari hiyo hiyo. Kama unalipenda na una uwezo, nunua kwa roho safi, ni gari tamu barabara ndefu. Ila usimshauri mtu mwenye mshahara wa ualimu na watoto wanne.

Hata Premio siyo zote. Ile ya zamani, umbo la 2001 hadi 2007, yenye injini ya 2.0 ya D-4, nayo ya kupuliza petroli moja kwa moja, yaani 1AZ-FSE, mafundi wengi wanaikimbia na wana sababu. Ya umbo jipya lililoanza 2007, 1.5 na 1.8, ndiyo salama zaidi kwa mtu wa kawaida. Spea zake zimejaa Kariakoo na kila fundi anaijua. Nayo ni CVT, kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, iendeshe ikiwa imepata moto kabisa, ondoka taratibu kwenye mwinuko, usikilize kama inatetemeka au kuvuma. Muuzaji akikwambia oili ya CVT haibadilishwi maisha yote, huyo hajui au anajua na anakufanyia makusudi.

Kuna hili la namba. "Hii namba E mkuu, ongeza milioni mbili." Herufi ya namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haionyeshi lilitengenezwa lini wala limetembea kiasi gani. Premio ya 2008 iliyoshuka bandarini juzi ina namba E. Ya 2014 iliyokuja mapema ina namba D. Tunalipishwa mamilioni kwa ajili ya herufi! Ukitaka kujua umri wa kweli, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kwenye lebo yake mara nyingi kuna mwaka. Mikanda yote ya mbele ikitofautiana sana na mwaka wa kwenye kadi, uliza kwa nini ilibadilishwa.

Wengine mtasema ninunue jipya niepuke kelele. Nilikwenda. Premio na Allion zilisimamishwa kutengenezwa Machi 2021, Mark X ilikwisha Desemba 2019, kwa hiyo gari ambalo sisi tunalijua na mafundi wetu wanaliweza huwezi kulipata jipya hata ukiwa na hela. Kwa muuzaji niliyemfuata, ukumbi mzima ni pikapu na magari makubwa yanayosubiri miradi na taasisi. Sedani ni ya kuagiza. Niliuliza bei kwa simu nikaambiwa njoo ofisini, nilipofika nikaambiwa niandike barua pepe, barua pepe mpaka leo haijajibiwa. Mtu binafsi anayelipa kutoka mfukoni mwake hana thamani pale. Hilo nalo linaumiza, maana ndilo linalotusukuma wote kurudi kwenye yadi zile zile.

Ninachodai ni kitu kidogo. Kila gari lililotoka Japani lisiuzwe yadi bila kubandikwa kwenye kioo nakala ya karatasi ya mnada na nakala ya hati ya kufutia usajili, sambamba na bei. Bango la bei mnaweza kuchapisha kwa rangi, mnashindwaje nakala mbili? Na Tume ya Ushindani, FCC, iko kisheria kumlinda mlaji. Kilomita zilizopunguzwa ni taarifa ya uongo kuhusu bidhaa. Nimeshapiga picha ya ile stika kabla haijafutwa, pamoja na dashibodi na bango, na malalamiko naandika wiki hii. Aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii aje atuambie walimsikiliza vipi.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anasema odometa za kidijitali hazirudishwi. Mkuu, hizo ndizo rahisi zaidi. Za zamani za kuzungusha ilibidi dashibodi ifunguliwe na namba zikawa zinakaa upande. Za sasa mtu anaunganisha kompyuta, anaandika anachotaka, anachomoa. Ndiyo maana nasema msitazame dashibodi. Tazameni pedali, kiti, usukani, stika, na mkomae na karatasi.

Na kwa wanaonifuata PM na picha za magari yanayong'aa: msinitumie picha. Natafuta Premio au Allion ya 1.8, kuanzia 2011, isiyo na R. Mwenye yadi anayeweza kunitumia leo karatasi ya mnada na hati ya Japani zenye namba ya chesesi inayofanana na iliyopigwa kwenye gari, anitumie hizo kwanza. Zikikaa sawa, kesho asubuhi nakuja na fundi wangu na hela.