Mjadala: Aliyechonga hedi akakaguliwe upya, au aachwe?

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Kuna hoja inazidi kupata wafuasi: kwamba anayechonga silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini, chenye valvu) ya gari dogo ili kuongeza nguvu alipeleke likaguliwe kabla halijarudi barabarani. Mimi naipinga, tena kwa hesabu.

Chukua injini ya 1000cc yenye silinda nne. Kila silinda ina 250cc. Mgandamizo (hewa inabanwa mara ngapi) ukiwa 9 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya 31cc hivi. Skimu hedi (yaani kwangua uso wake wa chini) mpaka ibaki 26cc, mgandamizo unafika 10.6 kwa 1 hivi. Kinadharia hiyo ni nyongeza ya nguvu ya asilimia 4 na kitu tu. Injini ya nguvu ya farasi 60 (hp) inakuwa ya 62 na kitu. Kwa farasi wawili ndio tupange foleni ya ukaguzi?

Spana Mbili
Mkuu, umechagua hesabu inayokufaa. Kuskimu ni sehemu tu ya kazi. Nguvu nyingine iko chini ya kiti cha valvu (pale valvu inapokaa ikifunga), kwenye kona fupi ambapo hewa inapinda kuingia silinda. Kona hiyo ikilainishwa, kiti kikakatwa kwa pembe tatu (30, 45 na 60), hewa inapita vizuri bila hata kupanua tundu. Wanaopanua ovyo na kung'arisha kama kioo wanaua kasi ya hewa, gari linakuwa zito likiwa mizunguko ya chini. Mbwembwe nyingi, faida haipo.

Halafu hedi haibadilishwi peke yake. Mini, lile gari dogo la Uingereza, ya 1959 ilikuwa na 848cc na farasi 34. Mini Cooper ya 1961 ikaja na 997cc, karbureta mbili, farasi 55. Ila ilikuja pia na breki za diski mbele. Kiwanda chenyewe hakikuongeza nguvu kikaacha breki zilezile. Wewe wa gereji umeongeza nini?

Msafiri
Na huyo mkaguzi ataonaje? Hafungui hedi. Mtatunga sheria ya kuwabana wakweli tu, wadanganyifu watapita wakipunga mkono.

Fundi wa Zamani
Mnasahau anayeumia kwanza ni injini. Hedi ikishuka, valvu inasogea karibu na pistoni. Bandika udongo wa kuchezea juu ya pistoni, funga hedi na gasketi, rekebisha taiming (wakati wa valvu kufunguka na kufunga), zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima palipobonyea. Asiyefanya hivyo anabahatisha. Tena kwenye injini yenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) juu, kuskimu kunachelewesha taiming kidogo, na kwa injini yoyote, petroli ya okteni ndogo (isiyohimili mgandamizo mkubwa) italipuka vibaya: utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo ukikanyaga mafuta mlimani. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka.

Ukaguzi wa serikali hautakuonyesha hayo. Ni kazi ya fundi.

Spana Mbili
Sawa, injini ni yako, itoboe. Ila barabara ni ya wote. Sisemi mkaguzi afungue hedi. Apime breki na gesi za ekzosi, basi. Mgandamizo ukipanda, joto la mwako linapanda, na oksidi za nitrojeni zinaongezeka. Hizo zinapimika bila kugusa boliti hata moja.

Mwanzisha mada
Breki sina ubishi, lakini breki zinapaswa kukaguliwa kwa kila gari, hata lile ambalo hedi yake haijaguswa tangu kiwandani. Kwa nini nipewe foleni yangu peke yangu?

Msafiri
Na bima je? Ukigonga mtu, kampuni ikagundua hukuwaambia kuhusu mabadiliko, inaweza kukataa kulipa. Mimi naona kulazimisha mtu atangaze mabadiliko kwa maandishi kunatosha. Anayepinga hilo atuambie aliyegongwa atalipwa na nani.