Naomba ushauri: mimi ni mashoto, nibaki na gitaa lililopinduliwa kama la mpiga gitaa Albert King?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mashoto, najifunza muziki wa bluzi kwa gitaa la umeme la watu wa mkono wa kulia. Nimelipindua bila kubadili nyuzi, kama Albert King, yule aliyeanza kurekodi na Stax, kampuni ya kurekodi muziki ya Memphis, Marekani, mwaka 1966. Nyuzi zake nyembamba zilikuwa juu, akizivuta kuelekea chini hadi zinalia kama mtu. Naipenda mno sauti ile!

Mwezi wa tatu huu, kuvuta nyuzi kunakubali, ila kodi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinanishinda, vidole vinagongana. Nimejaribu kufuata video kupitia kioo, wapi.

Je, niendelee hivihivi au nizipange nyuzi upya? Nikizipanga, kile kipande chenye mifereji kinachozishika kule kichwani lazima kibadilishwe?