Nimepangiwa kuongoza kadeti wapya kiangazi hiki, nianzie wapi?

KadetiWaMbali
Wakuu habarini. Niko West Point, chuo cha maofisa wa jeshi huku Marekani, namaliza mwaka wa pili, na juzi majina yametoka nimepangiwa sekisheni kwenye Beast, zile wiki sita hivi za kwanza za kadeti wapya. Kwa wasiojua, huku maofisa wanasimamia tu, wanaofundisha ni kadeti wenyewe wa madarasa ya juu, kwahiyo wale kama kumi nitakaopewa ni wangu usiku na mchana. Siku ya kwanza wanaingia zaidi ya 1,000, wanaagana na wazazi chini ya dakika mbili, wananyolewa, na jioni hiyohiyo wanapiga gwaride la kiapo. Majibu wanayoruhusiwa ni manne tu: ndio afande, hapana afande, sina kisingizio afande, sijaelewa afande. Mi hilo la nne ndo lilinibeba, maana kiingereza chao cha haraka kilikuwa kinanipita, nasimama pale moyo unadunda nasema sijaelewa afande, na kiongozi wangu alikuwa anarudia taratibu mpaka naelewa, hakuwahi kunidhalilisha hata siku moja. Sasa ni zamu yangu na naogopa. Nikiwa mpole watanipanda kichwani, nikiwa mkali nitaumiza mtoto wa watu. Waliowahi kufundisha makuruta naombeni msaada.

MzeeWaChenja
Mwanangu hongera sana. Nimefundisha kuruta miaka mingi nyumbani, nikuambie kitu kimoja tu, angalia miguu. Usiku kabla ya kulala wavulishe soksi wote, chukua tochi, piga magoti pale sakafuni uangalie kisigino kimoja kimoja na katikati ya vidole. Lengelenge la leo dogo kama punje ya mahindi, keshokutwa huyo hatembei. Na kuruta ukishamshikia mguu wake mchafu hutahitaji kumfokea tena, asubuhi ukisema jongea anajongea. Sauti ya amri inatoka tumboni, haitoki kooni, kafanye mazoezi peke yako porini huko.

ChumaHakipindi
Mzee na heshima yote lakini jeshi sio chekechea. Sisi tulikula doso, yaani adhabu za mazoezi, mpaka tukatapika na ndo tukawa wanaume. Dogo kaza, wiki ya kwanza wasikuone ukicheka.

MsomaHistoria
Mkuu Chuma, hapohapo West Point walishapita njia hiyo. Mwaka 1898 kadeti mmoja, Oscar Booz, alilazimishwa na wakubwa zake kunywa pilipili ya chupa, akaacha chuo, 1900 akafariki kwa kifua kikuu cha koo na familia ikalaumu yale mateso, ikaenda hadi bunge lao kuchunguza. MacArthur, yule jenerali maarufu wa Marekani, naye aliteswa humo akiwa mgeni, na alivyorudi kuwa mkuu wa chuo 1919 akawanyang'anya kadeti wakubwa mafunzo ya wapya akawapa maofisa, ingawa baadaye yalirudishwa kwa kadeti. Na hao wapya wanakaririshwa maneno ya Jenerali Schofield ya 1879, kwamba nidhamu ya askari wa nchi huru haipatikani kwa ukatili. Sasa watoto wanakariri hayo asubuhi halafu wewe mchana unawatapisha, watakuelewaje?

DadaKombati
Mi nilipita chuo kimoja, sikitaji. Kiongozi wetu mwanafunzi alitunyima maji kwenye mbio kwa sababu mmoja alichelewa paredi. Jua la saa nane. Mwenzangu pembeni akaacha kutoa jasho, ngozi kavu kabisa, akaanza kuongea vitu havieleweki, na sisi tunaogopa kusema. Alipona, ila figo ziliteseka. Kaka yangu KadetiWaMbali, ukali wote fanya ila maji usiguse, na kuruta akiacha kutokwa jasho kwenye joto simamisha kila kitu, mweke kivulini, mmwagie maji, ita daktari. Na waambie siku ya kwanza kabisa kwamba kusema mwenzangu anaumwa sio kosa.

ChumaHakipindi
Dada pole sana. Hapo kwenye maji nakubali. Mi nachosema asilegeze muda na usafi wa kitanda, hivyo havina huruma.

KadetiWaMbali
Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Dada hilo la jasho nimeliandika kwenye kijitabu changu cha mfukoni ukurasa wa kwanza. Mzee swali moja, ile matembezi ya mwisho ni maili 12 hivi na mabegi mgongoni, soksi wavae moja nene au mbili?

MzeeWaChenja
Mbili. Ya ndani nyepesi, ya nje ya sufu, na ya akiba kavu kwenye begi. Kila mkipumzika wabadilishe, na wewe badilisha wa mwisho.